Tawi la Mkungu

Mfuniko wa chemba ya mtaa wetu uliondoka Januari,
usiku, begani kwa mtu wa vyuma chakavu.
Tangu hapo, pale mbele ya duka la Pazi,
barabara ina mdomo.

Jua likiwaka si neno. Unauona, unaukwepa,
watoto wanautemea mate wakipita.
Lakini masika yakishuka Kigogo
maji husawazisha kila kitu:
lami, mtaro, shimo, kandambili ya mtu,
vyote chai ya maziwa,
na hakuna ajuaye sakafu iko wapi.

Leo imenyesha tangu adhuhuri.
Godoro nimelipandisha juu ya meza.
Vyeti vya Chande nimevifunga kwenye nailoni, mara mbili,
nikavining'iniza kwenye kenchi.
Friji liko juu ya tofali nne, kama bibi harusi.
Swichi kubwa nimeishusha
kabla maji hayajaifikia soketi.
Simu ikizima, nikamwambia Chande, na izime.
Bora giza linalonuka mafuta ya taa
kuliko umeme unaoogelea.

Kisha baridi. Ndiyo, Dar ina baridi,
wacheke watu wa Makete;
ukilowa tangu mchana, mifupa haiulizi ramani.
Chande anatetemeka ndani ya kanga zangu mbili:
Mama, tuingize jiko, tufunge mlango.
Jiko lipo barazani, mkaa umekolea.
Nimeshalibeba. Nimefika nalo kizingitini.

Zamoyoni wa chumba cha tatu,
na mdogo wake, masika ya mwaka juzi.
Walifunga dirisha,
wakaziba chini ya mlango kwa gunia,
wakalala na jiko.
Tulivunja komeo saa mbili asubuhi.
Moto ulishakuwa jivu.
Nyuso zao hazikuwa na ugomvi na mtu.

Nikalirudisha barazani.
Nikamkumbatia mwanangu mpaka meno yakaacha kugongana,
yake kwanza, kisha yangu.

Akabaki Shaweji, na pikipiki yake, huko mjini.
Saa tatu alipiga: Jangwani pamefungwa, nazungukia Buguruni.
Saa nne: niko Mabibo, maji ya magoti tu.
Magoti ya nani, Shaweji?
Usifuate lori, nikamwambia,
lori lina miguu mirefu kuliko akili yako.
Iache pikipiki kituo cha mafuta, haina mama.
Na ukifika kwa Pazi...
Simu ikakata.

Nilihesabu matone kwenye sufuria chini ya paa.
Nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena.

Saa sita kasoro, viatu: chwa, chwa, chwa.
Alisimama mlangoni, kofia ngumu kichwani,
mikono haijui pa kukaa.
Kuna mtu ameweka tawi, akasema.
Tawi la mkungu, majani mapana,
limesimikwa kwenye mdomo wa chemba,
kitambaa chekundu nchani.
Nililimulika. Lilikuwa likitikisa kichwa
kama mtu anayekukatalia.
Akaonyesha kwa vidole viwili
nafasi iliyokuwepo kati ya tawi na buti lake.
Kisha akaomba chai, nikasahau kutia sukari,
akainywa hivyo hivyo.

Asubuhi nikauliza mtaa mzima.
Pazi akasema si yeye, alifunga mapema.
Mjumbe akasema chemba imo kwenye daftari.
Kijana wa vyuma chakavu alipita na gunia lake
akitazama upande wa pili.
Kufikia alasiri majani yalikuwa yamenyauka,
yamelala juu ya maji kama mkono wa mgonjwa.

Jioni mawingu yakaanza tena upande wa Pugu.
Nikampa Chande kisu na leso yangu nyekundu:
nenda kwenye mkungu wa zahanati,
kata lenye majani mengi.

Akarudi na kisu, na leso.
Mama, akasema, kuna mtu ametangulia.